Chipu ya Mwisho ya Zimamoto

Ikushima aliivunja chipu ya mwisho kwa koleo, mbele yetu sote, na chipu ile ilikuwa halisi.

Ilikuwa Jumapili, ghorofani kwake Nipponbashi, Osaka, juu ya duka la nyaya. Dirisha lilikuwa limefunguliwa kidogo ili moshi wa kulehemu utoke. Chipu ilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyepasua njugu kwa meno. Hakuna aliyeshtuka. Nishiwaki alikuwa anatafuna kitu, akaendelea kutafuna.

Wakati huo nilikuwa msaka vipuri. Mashine za michezo za zamani, yale makabati ya kutumbukiza sarafu ambayo siku hizi watu wazima wanayalilia, zina chipu ambazo hazitengenezwi tena. Viwanda vilifungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, mafundi wakafa au wakarudi kwao kulima vitunguu. Chipu ikifa, hakuna duka la kwenda. Inabidi uitoe kwenye maiti ya mashine nyingine, au umpate mtu aliyeisahau ndani ya droo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Shule niliiacha mapema na sikujua kingine cha maana, ila nilijua kuongea na watu wenye vyumba vilivyofungwa. Nilipanda milimani kwenye hoteli za maji moto zilizofilisika, nikashuka kwenye vyumba vyao vya chini ambako panya wamejenga ndani ya runinga. Nilizunguka kumbi za bowling za pwani, chumvi imekula kila msumari. Niliomba, nilisubiri, nilikunywa chai na wajane. Nilirudi Osaka na kitu kidogo kuliko kidole, nikakiweka mezani kwa Ikushima, naye akakifufua.

Ikushima alikuwa fundi kuliko mafundi wote niliowajua. Tulikua pamoja mtaa wa Tengachaya, mlango kwa mlango. Utotoni kulikuwa na ukumbi wa michezo karibu na stesheni, mwenyewe mzee mmoja mkali mwenye jino la fedha, na kwenye kona ya ndani kabisa kulikuwa na mchezo mmoja tulioupenda kuliko mingine. Sisi tuliuita Zimamoto. Jengo linaungua, madirisha yanafunguka na kufungika, wewe na ngazi yako unapanda, unachukua mtu, unashuka. Bibi mwenye paka. Mpishi. Bwana harusi. Ukichelewa, dirisha linafungika na halifunguki tena. Mama yangu alikuja kunitoa pale kwa sikio, na Ikushima akaendelea kucheza zamu yangu bila hata kugeuka.

Mashine za Zimamoto zilikuwa chache tangu mwanzo. Tulipofikia umri wa kuota mvi, tulijua moja tu, na ilikuwa ya Ikushima. Mimi ndiye niliyempatia, kutoka ukumbi mmoja wa bowling kule Wakayama. Ukiiwasha, inapiga wimbo wake wote, ule ule, lakini kwenye kioo ni mistari tu, michirizi ya kijani na nyeupe inayoteremka kama mvua. Inaimba lakini haioni. Chipu moja ilikuwa imekufa, ile ambayo picha zote zilifungiwa ndani yake. Hakuna aliyewahi kuzinakili. Bibi mwenye paka, mpishi, bwana harusi, wote walikuwa wamebaki kwenye vichwa vya wanaume wenye vitambi.

"Kuri," Ikushima aliniambia siku alipoipokea, "ukinipatia hiyo chipu, nakufa nimeridhika."

"Usife. Nani atanilehemea redio?"

Nikaanza kuitafuta.

Miaka ile ndiyo feki zilipoanza kutuingilia. Kuna watu wanaochukua chipu yoyote, wanaikwangua mgongo, wanaipaka rangi nyeusi na kuichapa jina la chipu adimu. Ukiiweka kwenye bodi, ule ubao wa umeme wa mashine, umeme unapita pasipostahili, na kile kidogo kilichokuwa hai kinaungua chote. Mwenzetu mmoja, katika kundi letu la wapenda mashine lililokutana Jumapili kwa Ikushima, alipoteza bodi kwa njia hiyo, akakaa kwenye ngazi za Ikushima akilia kama mtu aliyefiwa. Baada ya hapo tuliweka kanuni. Mimi ndiye niliyeitoa, tena kwa sauti ya juu: kila chipu inayoletwa inafutwa mgongo kwa pamba yenye thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, mbele ya wote. Maandishi yakibaki, ni halisi. Yakitoka, ni feki, na feki inavunjwa hapo hapo kwa koleo isije ikaendelea kuzunguka mjini na kuua bodi za wengine. Hakuna kuuliza imetoka kwa nani. Tulipiga makofi.

Mama Tamiko Sugiura nilimpata Yamatokoriyama, kwenye mji wa mabwawa ya samaki wa dhahabu. Muuza tambi wa pale aliniambia kwamba nyuma ya bwawa moja palikuwa na kiwanda kidogo kilichounganisha bodi za michezo, na kwamba wanawake wa mtaa mzima walifanya kazi humo. Wengi walishakufa. Mmoja alikuwa bado yupo, nyumba yenye mlango wa buluu.

Alikuwa mfupi, mgongo umepinda, mikono ikitulia magotini kama vyombo vilivyooshwa. Nilimwonyesha picha ya bodi. Akavaa miwani, akaweka kidole chake palepale penye tundu la ile chipu, bila kutafuta.

"Hapa nilikuwa mimi," alisema. "Miaka sita."

Akainuka, akaenda kwenye madhabahu ya marehemu mumewe, akavuta droo ya chini, na kutoka nyuma ya mishumaa akatoa kipande cha sponji kilichofungwa karatasi ya fedha. Chipu ilikuwa humo, miguu yote imenyooka. Mwili wa kauri, na mgongoni namba za wino wa buluu.

Sijui nilifanya sauti gani. Yeye alicheka.

"Siku kiwanda kinafungwa, msimamizi alisema kila mtu achukue anachotaka. Wenzangu walichukua feni, viti, saa ya ukutani. Mimi nikachukua hii. Waliniona mjinga."

"Mama, haya maandishi ni ya wino?"

"Za kwenye bodi zilikuja zimechapwa na mashine. Zile za akiba zilikuja tupu. Tulizigonga muhuri sisi wenyewe." Akaigiza, tap, tap, tap. "Nilikuwa na mkono ulionyooka."

Nilijua wino huo hautahimili thina. Lakini nilikuwa na furaha kubwa mno, na nilikuwa namjua Ikushima tangu tukiwa na makamasi.

"Unauza kiasi gani, mama?"

"Siuzi." Akaifunga tena ile karatasi, akanisogezea mezani. "Huo mchezo ukoje?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuuona. Kiwandani walijaribu bodi kwa taa na sindano ya mita, si kwa picha. Zilipotoka mlangoni, zilitoka. Nikamweleza jengo linaloungua, ngazi, madirisha, bibi na paka wake. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Mimi nilidhani ni mchezo wa magari," alisema. "Miaka yote nimedhani ni magari. Na watu wanaokolewa?"

"Mchezaji akiwa mzuri."

"Wewe ulikuwa mzuri?"

"Hapana, mama. Rafiki yangu ndiye alikuwa mzuri."

"Basi mpelekee huyo. Lakini siku itakapowaka, mniite nije nione."

Nilimwahidi. Nilimwambia aje Jumapili ya mkutano wetu, jioni, kazi ya kulehemu ikiwa imekwisha, ili akifika tu akae kitako na kutazama.

Jumapili ile niliingia kwa Ikushima nikitabasamu peke yangu kama mlevi. Bodi ya Zimamoto ilikuwa imeshalazwa juu ya kitambaa, tundu limesafishwa, linasubiri. Wenzetu walikuwa wamejaa, wengine wamekalia makreti. Nishiwaki alikuwa mlangoni na sahani yake ya takoyaki, vile viduara vya unga vyenye pweza ndani. Huyu alikuwa na duka la mashine za kukodisha na mdomo usiofungwa.

"Msaka wanyama amerudi," alisema. "Umeleta simba au umeleta panya?"

"Nimeleta Zimamoto."

Ikushima aliinua kichwa polepole. Nikafungua karatasi ya fedha mezani, mbele yake, na kwa muda mfupi sana nilimwona yule wa Tengachaya, yule aliyecheza zamu yangu bila kugeuka. Hakuigusa. Aliitazama tu, akapitisha ulimi kwenye midomo.

Kisha akachukua pamba na chupa ya thina.

"Ngoja," nikasema. "Hii usiifute. Imegongwa muhuri kwa mkono, kiwandani. Itafutika. Ikifutika haimaanishi kitu."

Nilijisikia mwenyewe nikiongea. Ndivyo wanavyosema wote.

Nishiwaki alicheka mpaka akakohoa. "Kuri, baba! Kila tapeli tuliyemfukuza hapa alisema hivyo hivyo. Yangu ya pekee, yangu msiifute!"

"Mimi si tapeli."

"Hatujasema wewe. Tumesema waliokuuzia."

"Sikuuziwa. Nilipewa. Na mama aliyefanya kazi kiwandani kwenyewe."

"Alikupa bure?"

"Bure."

"Jamani, chipu za Zimamoto siku hizi zinagawiwa kama pipi." Wakacheka wote. "Kila tapeli ana mama yake kijijini."

"Huyo mama anakuja leo," nikasema. "Atafika jioni. Msubirini mumuulize."

"Akija na muhuri?" mtu akauliza. "Muhuri hata mimi nachonga."

Ikushima hakucheka. Aliilowesha pamba, akaipitisha mgongoni mwa chipu mara moja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Namba zilitoka zote. Pamba ikawa buluu.

Kisha Nishiwaki akapiga mluzi.

"Iweke kwenye bodi," nikamwambia Ikushima. "Iweke tu, uone."

"Bodi ni moja, Kuri."

"Najua ni moja. Mimi ndiye niliyekuletea."

"Ikiungua, hakuna nyingine duniani."

"Chipu nayo ni moja."

"Kama ni chipu."

Akanyoosha mkono kuchukua koleo. Nikaifunika chipu kwa kiganja changu. Miguu yake ilinichoma kidogo. Ikushima alinitazama, akashusha sauti ili wengine wasisikie, lakini walisikia.

"Toa mkono, Kuri. Kanuni ni yako. Angekuwa mtu mwingine, wewe ungesemaje? Usiniaibishe mbele ya hawa."

Niliutoa. Watu wameniuliza kwa nini, na jibu ni jepesi. Niliamini kwamba nikiutoa, ataiweka pembeni. Niliamini anataka tu heshima yake mbele ya watu, na kwamba jioni, wakishaondoka, tutakaa wawili tuijaribu. Hivyo ndivyo ningefanya mimi kama angekuwa yeye.

Akaivunja.

Kauri ilipasuka katikati na kifuniko chake kikabanduka chote, kikaacha tumbo wazi. Ikushima alikuwa na mazoea ya kutazama feki kwa ndani, ajue wanazitengenezaje. Akachukua nusu yenye kipande kinachong'aa, akaiweka chini ya lenzi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Wengine walishaanza kupiga soga.

Ndani ya chipu halisi, kiwanda kinaandika jina lake, herufi ndogo kuliko vumbi. Feki ya Zimamoto haiwezi kuwa na herufi hizo. Ikushima alitazama. Akazungusha lenzi, akatazama tena. Shingo yake ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. Kisha akaitoa ile nusu chini ya lenzi, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake.

"Vipi?" Nishiwaki aliuliza. "Takataka?"

Ikushima alifungua mdomo. Ngazi za mbao zikalia, mtu anapanda polepole, anapumzika, anapanda. Mama Tamiko akatokea mlangoni amevaa gauni lake la heshima na mkufu, amebeba boksi lililofungwa kwa kitambaa.

"Nimewahi?" alisema. "Treni ilikuwa tupu, nikaona nije mapema. Imeshawaka?"

Kabla sijajibu, Ikushima aliinama, akainama sana.

"Samahani sana, mama. Bodi ilikuwa imeharibika kuliko tulivyodhani. Chipu yako iliungua."

"Iliungua," mama alirudia.

"Nisamehe."

Mama Tamiko alisogea mezani. Macho yake yalitua kwenye ile pamba, akaiokota, akaileta karibu na miwani. Akatabasamu.

"Huu wino wetu! Kumbe bado unatoka. Msimamizi alikuwa anatugombeza kila siku. Kwenye kucha hautoki mwezi mzima, kwenye chipu ukiugusa na jasho tu umekwenda."

Kila mtu mle ndani alisikia. Nishiwaki alitazama sahani yake. Mmoja alikohoa. Nilimtazama Ikushima, nikangoja. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote, mama amemfungulia mlango kabisa, alichotakiwa ni kusema maneno mawili. Alisema:

"Mama, umetuletea nini?"

Ilikuwa sushi ya kwao Nara, wali na samaki, ile ya kufungwa kwenye majani ya mpersimoni, ameifunga mwenyewe alfajiri. Watu wakala. Wakaisifu, na walikuwa na haki, ilikuwa nzuri. Nishiwaki alikula mara tatu. "Mama, mimi nihamie kwako," alisema, na mama akampiga kibao kidogo cha begani.

Kisha akauliza kama anaweza kuiona hata hivyo ilivyo. Ikushima akairudisha bodi kwenye kabati lake, akaiwasha. Wimbo wa Zimamoto ukaanza, ule wa mwanzo, kengele na tarumbeta, na kwenye kioo michirizi ya kijani na nyeupe ikateremka. Mama Tamiko alisimama mbele yake amekumbatia mkoba wake.

"Jengo liko wapi?"

"Lingekuwa pale katikati," nikasema.

Alitazama pale katikati mpaka wimbo ulipokwisha.

"Ni nzuri," alisema, akawashukuru wote, mmoja mmoja.

Nilimsindikiza mpaka stesheni ya chini ya ardhi. Kwenye ngazi za umeme nilianza kumweleza, akanigusa mkono.

"Yule bwana mrefu alikuwa na nusu yake mfukoni," alisema. "Miguu ilichungulia alipoinama. Chipu iliyoungua haikatiki hivyo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa mgeni. Na walikuwa wanakula."

Nilimwendea Ikushima siku mbili tatu baadaye, mchana, alipokuwa peke yake.

"Uliona jina ndani."

Hakukataa. Angalau hilo. Aliendelea kusafisha ncha ya chuma chake cha kulehemu.

"Nikisema, watu wataniletea tena bodi zao? Fundi aliyevunja Zimamoto ya mwisho kwa mkono wake?"

"Na mimi? Waliomsikia mama wote wamenyamaza, na mji mzima unasema nauza feki."

"Wewe utapata nyingine, Kuri. Wewe kila mara unapata."

Alisema hivyo akiamini. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba aliamini. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, nikashuka zile ngazi. Sikupanda tena.

Sikupata nyingine. Kila nilipopeleka kipuri, kwa Nishiwaki, kwa watu wa Nagoya, mpaka kwa watoto wa juzi wanaotengeneza mashine gereji, walikipokea kwa ncha za vidole. Walikuwa na adabu. Walisema watanipigia simu. Hoteli moja ya maji moto ilinipa chumba kizima cha mashine, nikakosa hata wa kumpa bure. Sasa naendesha gari la kampuni ya kuhamisha samani. Ni kazi ya kubeba makabati kutoka nyumba za waliokufa, na mara nyingine kwenye droo naona vitu, navifunga na sponji, nawapa wenyewe.

Mama Tamiko alifariki majira ya mvua ya mwaka uliofuata. Mwanawe alinipigia simu kwa sababu namba yangu ilikuwa ukutani karibu na jokofu. Aliniuliza nilikuwa nani kwake. Nilimwambia nilikuwa mteja.

Kwa hiyo kilichopotea ni hiki. Chipu moja, na ndani yake jengo lote na kila mtu aliyekuwa madirishani. Kazi yangu, ambayo nilikuwa naiweza. Rafiki wa tangu utotoni, ambaye yu hai, ana wateja, na nikipita upande ule wa barabara naona taa yake inawaka. Na mwanamke mmoja aliyeunganisha mchezo ule miaka sita kwa mikono yake, akapanda treni na gauni lake zuri, akaonyeshwa mistari.